SOMO: Kumtoa mtoto kwenye soda na juisi za boksi bila vita

Wakuu, hili jambo nimeulizwa faragha mara sita mwezi huu na majibu yangu ni yaleyale. Nayaweka hapa, atakayeniuliza tena nampa kiungo. Mimi si daktari. Ni baba wa watoto wawili, wa miaka 7 na wa miaka 4, ambao kwao maji yalikuwa ni kitu cha kuogea.

1. Acha kuvileta nyumbani. Mnunuzi ni wewe, si mtoto.

2. Soma lebo. Tafuta sukari kwa kila mililita 100, piga hesabu ya chupa nzima, gawa kwa 4 upate vijiko vya chai. Soda ya kola ya mililita 330 ina gramu 35 hivi, karibu vijiko 9. Mimi nilivichota kwenye glasi tupu mbele ya mkubwa, yeye akihesabu. Tulipofika cha sita akaniuliza, "Bado tu?" Hakuacha soda siku hiyo, msije mkadanganyika. Ila tangu hapo kila chupa anaigeuza kutafuta namba.

3. Maji yakae anapoyafikia, na kikombe kiwe chake.

4. Maziwa yawe matupu, bila sukari wala ladha, na ni kwa aliyetimiza mwaka. Vikombe viwili kwa siku vinamtosha. Anayeshiba maziwa hali chakula, na madini ya chuma yakikosekana damu hupungua.

5. Kuzimua, yaani kuongeza maji kwenye juisi kidogo kidogo. HAPA NDIPO NILIPOHARIBU.

Vipimo nilivipatia: wiki ya kwanza robo maji, ya pili nusu, ya tatu robo tatu. Mdogo wala hakugoma. Kosa ni kwamba niliitia juisi kwenye chupa ya mrija nikamwachia. Akawa anashinda nayo, anavuta funda, anaitupa chini ya kiti, baada ya dakika kumi kairudia. Nikawa najisifu kwamba sukari imeshuka, na kweli ilishuka. Miezi michache baadaye nampigisha mswaki, nainua mdomo wa juu, naona mstari mweupe kama chokaa kwenye meno ya mbele, pale yanapoingia kwenye ufizi. Daktari wa meno hakuuliza anakunywa kiasi gani. Aliuliza anakunywa mara ngapi. Nikakosa jibu. Akanieleza: bakteria wa mdomoni wakipata sukari, hata kidogo, hutoa tindikali, na mate huhitaji kama nusu saa kuituliza. Wangu hakuwa akiyapa mate hiyo nusu saa tangu anapoamka. Ule weupe ni jino linalopoteza madini, hatua ya kabla ya tundu. Tuliwahi.

Kwa hiyo:
– Kilichozimuliwa kinywewe kwa kikombe, wakati wa chakula, kiishe hapohapo.
– Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu. Chupa ya juisi kitandani ndiyo mbaya kuliko zote, maana usingizini mate hupungua.
– Usizimue kwa siri. Mimi nilijaza kwenye boksi lilelile la juisi, mkubwa akanishtukia, akawa ananusa kila kikombe ninachompa, hata cha maji.

6. Na wewe acha. Ile soda unayoificha kwenye kikombe cha chai wanaijua.

MASWALI

Mama Mapacha: Asante kaka. Juisi ninayokamua mwenyewe bila kutia sukari nayo imo?

Jibu: Imo, dada, na umeuliza la maana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaiweka juisi ya matunda na asali kapu moja na sukari ya mezani: isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Tunda zima halimo. Chungwa moja mtoto atalitafuna na kushiba; glasi ya juisi imemeza matatu au zaidi, na nyuzinyuzi umeziacha kwenye chujio. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, miaka 1 hadi 3 isizidi mililita 120 kwa siku, miaka 4 hadi 6 isizidi 180.

Ngumi Mkononi: Sijasoma yote, ni marefu. Nimpe soda isiyo na sukari basi?

Jibu: Hapana. Tindikali iko palepale na ulimi unabaki na utamu uleule. Mengine yako juu, kwenye hayo marefu.

Ngumi Mkononi: Sisi tumekua na soda na hatujafa.

Jibu: Una meno mangapi, mkuu?

Kipepeo: Wangu ana miezi 4, aanze na maji kiasi gani?

Jibu: Hata tone. Maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6. Na asali asionje kabla ya mwaka.

Mama Mapacha: Samahani nakuchosha. Akiharisha, ni kweli anapewa soda iliyotolewa gesi?

Jibu: Hunichoshi. Si kweli. Sukari ikizidi huvuta maji kuingia kwenye utumbo, kuharisha kunaongezeka. Mpe ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ichanganywe kwa kipimo cha kwenye pakiti. Ina sukari, ndiyo, lakini pale kidogo inasaidia mwili kufyonza chumvi na maji. Hiyo usiizimue.

Fundi Bomba: Mimi nauliza tu, "Maji kwenye kikombe cha bluu au chekundu?" Anabishana na rangi, maji yanapita.

Jibu: Hii naiiba.

Kipepeo: Jamani, nimefungua chupa ya mrija ya mkubwa wake, ndani ya kile kidude cha mpira kuna weusi!

Jibu: Ukungu. Kidude kinachomoka, kivute. Osha kwa maji ya moto, sabuni na brashi nyembamba, kisha anika kila kipande peke yake. Weusi ukiwa umeingia ndani ya mpira, tupa.

Kipepeo: Umeingia.

Jibu: Tupa.