Kufuatilia ukoo katika parokia ya kijijini Uingereza

Wapo wasomaji wenye babu aliyetoka kijiji cha Uingereza, na wapo wanaoishi huko wakitaka kujua habari za kijiji walichohamia. Njia ni ileile. Mifano yangu ni ya Lincolnshire, kaunti ya mashariki ya nchi.

1. Ijue parokia kabla ya kusaka jina. Majina ya ubatizo yalikuwa machache, hivyo kijiji kimoja huweza kuwa na akina William watatu wa ukoo mmoja, rika moja. Tafuta ramani, andika parokia yako na zote zinazopakana nayo. Little Steeping na Great Steeping ni majirani, lakini kila moja ina rejista zake. (Edward Steere, askofu aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, aliwahi kuwa kasisi wa Little Steeping.)

2. Rudi nyuma kwa sensa. Anza na ya 1921, ya karibuni zaidi iliyo wazi. Ya 1931 iliteketea kwa moto, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Lengo lako ni kufika 1851, kwa kuwa hapo ndipo mtu alipoanza kuandikiwa parokia aliyozaliwa na uhusiano wake na mwenye nyumba. Ile ya 1841 ni ya kutiliwa shaka: umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano ya karibu, basi mtu wa miaka 39 akaandikwa 35.

3. Ingia kwenye rejista za kanisa. Ziliamriwa mwaka 1538, ingawa nyingi za mwanzo zimepotea. Tangu 1754 ndoa zina sahihi au alama ya msalaba ya maharusi, pamoja na mashahidi. Usiwapuuze mashahidi: mara nyingi ni kaka, shemeji au mjomba. Tangu 1813 ubatizo huandikwa kwenye fomu iliyochapwa, yenye kazi ya baba na mahali wanapokaa. Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo Julai 1837.

Kuna mtego wa kalenda. Kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa Februari 1720 kwa hesabu yao, kwetu ni Februari 1721. Usipolijua hili utaona mtoto "amebatizwa" kabla ya wazazi kuoana, na utamsingizia bibi wa watu.

Ubatizo usipoonekana, uliza kama familia ilikuwa ya Kimethodisti. Lincolnshire ndiko alikozaliwa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, na wengi walibatiza watoto kanisani kwao lakini wakafunga ndoa kanisa la Kianglikana, kwa kuwa sheria ya ndoa iliwalazimu.

4. Tazama karatasi yenyewe. Tovuti za FamilySearch na FreeREG ni bure, nami huanzia huko. Lakini faharasa ni kazi ya mtu aliyesoma mwandiko mbaya, naye hukosea. Tafuta picha ya ukurasa, au nenda hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Weka nafasi mapema, na uchukue penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi. Rejista ikiwa imeliwa na unyevu, omba nakala ambazo kila mwaka zilipelekwa kwa askofu.

5. Omba karatasi za maskini. Wengi huishia hatua ya nne, nami naona ndipo utamu unapoanza. Kwa sheria ya 1662 na zilizofuata, kila parokia ililisha maskini wake tu, na wa kwingine iliweza kuwaondoa kwa amri, warudi parokia yao. Kibarua akiugua ugenini, mahakimu walimhoji chini ya kiapo ili kujua parokia yake ni ipi: ulizaliwa wapi, ulitumika kwa nani mwaka mzima, ulifundishwa ufundi na nani, ulipanga nyumba ya kodi gani? Majibu yaliandikwa, nawe unapata wasifu wa mtu asiyejua kusoma. Mke alifuata parokia ya mumewe, hata kama hajawahi kuikanyaga. Mama asiye na mume aliulizwa baba wa mtoto ni nani, kwa sababu parokia ilitaka mtu wa kulipa. Daftari za matumizi nazo hutaja viatu, makaa, sanda.

Mwaka 1834 kazi hii ilihamia kwa miungano ya parokia na nyumba zake za maskini, basi nyaraka zake zitafute chini ya jina la muungano.

6. Ardhi, kwa ufupi. Ramani za zaka, zilizotokana na sheria ya 1836 iliyogeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, zinaonyesha mwenye shamba na anayelilima. Sehemu nyingi za Lincolnshire hazina, kwa kuwa zaka zilibadilishwa mapema, wakati mashamba ya pamoja yalipogawanywa kuwa ya watu binafsi. Huko omba ramani ya mgawanyo.

Ukikuta amri ya kuwaondoa watu wako, soma jina la parokia waliyopelekwa. Rudi hatua ya kwanza, na ramani ya huko.