Tua Kimya: Mazoezi ya Kiwiliwili kwa Wasichana wa Basketboli

Tulikuwa kwenye uwanja wa saruji hapa Kisumu, jua la saa kumi likielekea ziwani. Senta wangu, yaani mchezaji wa karibu na kikapu, binti wa kidato cha tatu, aliruka kuchukua ribaundi, mpira uliokosa kikapu. Hakuna aliyemgusa. Alishuka na mpira mikononi, kiwiliwili kikalala kulia, goti la kulia likaingia ndani, na sote tukasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinapovunjwa. Kano ya mbele ya goti, ile wachezaji wanayoiita ACL, ilikuwa imekatika. Tangu siku hiyo simfundishi msichana kuruka juu zaidi kabla sijamfundisha kutua, na kutua naanzia kiunoni.

Mwalimu mwenzangu, elewa kwanza kwa nini kiuno. Kichwa, mikono na kiwiliwili kwa pamoja vina zaidi ya nusu ya uzito wa mwili. Vikiyumba kulia wakati mguu unagusa chini, uzito wote huo unaliangukia goti la kulia kwa ubavu, nalo goti limeumbwa kukunjwa mbele na nyuma tu. Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi: katika basketboli hukata kano hii zaidi ya mara mbili ya wavulana, na mara nyingi bila kugongana na mtu. Baada ya kubaleghe binti hurefuka na kuongeza uzito, lakini nguvu za nyonga mara nyingi hubaki nyuma. Wengi hutua miguu ikiwa imenyooka, wakitegemea misuli ya mbele ya paja, huku ile ya nyuma, inayouvuta muundi usichomoke mbele, ikiwa imelala. Watafiti wa Marekani waliwapima wasichana 205 wa soka, basketboli na voliboli wakishuka kutoka kwenye kisanduku kabla ya msimu, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Wale 9 waliokuja kukata kano walikuwa wametua magoti yakiingia ndani zaidi kuliko wenzao. Yaani kosa lilionekana mapema. Na linalorekebishika tusilingoje liumize.

Utahitaji leso za kulalia, simu, kipande cha tyubu ya baiskeli (fundi yeyote pale Kibuye atakukatia), ngazi au kisanduku imara cha kimo cha sentimita 30, na ufagio. Ufagio usiusahau. Mchanga juu ya saruji unateleza kama sabuni, na mvua ya alasiri ikinyesha, hamishia mazoezi ya kuruka siku nyingine.

Hatua ya 1: Mrekodi kabla hujamfundisha
Egemeza simu kwenye chupa ya maji, mbele yake, kimo cha goti. Ashuke kutoka kwenye kisanduku kwa miguu miwili, kisha aruke juu mara moja kama anayefuata ribaundi. Mara tatu. Usimwambie unatafuta nini, maana atajirekebisha kwa dakika mbili tu. Tazama video polepole: je, goti liko juu ya kidole cha pili cha mguu au limeingia ndani? Mguu mmoja unatangulia? Kifua kinaelemea upande gani? Kisha isikilize. Mtuo mzito una kishindo. Hifadhi video hiyo.

Hatua ya 2: Amsha tumbo na nyonga
Anza na zoezi ambalo wasichana wangu wanaliita mende. Alale chali, mikono juu, magoti yamekunjwa hewani. Atoe pumzi polepole huku akinyoosha mkono wa kulia nyuma ya kichwa na mguu wa kushoto mbele, kisha arudishe na kubadili upande. Weka kiganja chako chini ya kiuno chake. Kiuno kikiinuka ukapata nafasi ya kuchomoa mkono, mguu umeshuka mno. Mara 8 kila upande, taratibu. Binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona tumbo linatetemeka na hata sijachoka?" Nikamwambia ndipo hasa tunapopatafuta.

Kisha planki ya ubavu: alale kwa ubavu, ajiinue kwa kiwiko na kando ya mguu, mwili ukiwa umenyooka, sekunde 20 kila upande, mara tatu. Hii naipenda kuliko planki ya kawaida kwa sababu inafunza misuli inayozuia kiwiliwili kulala upande, na kosa la senta wangu lilikuwa hilo hilo. Malizia na daraja la mguu mmoja: alale chali, kisigino kimoja chini, ainue nyonga, ahesabu hadi tatu, ashuke. Mara 10. Asipoisikia kazi nyuma ya paja na kwenye makalio, sogeza kisigino mbali kidogo na mwili.

Hatua ya 3: Tua na ukae
Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiharakishe. Funga tyubu juu kidogo ya magoti. Aruke juu kidogo tu, atue kwa mbele ya nyayo kwanza kisha visigino, nyonga zikirudi nyuma kama anayekalia kigoda, kifua mbele lakini hakijaanguka, magoti yakiisukuma tyubu nje. Akae hapo sekunde tatu bila kusogea. Mara 5, apumzike, arudie. Maneno marefu hayasaidii mtu akiwa hewani. Mimi husema mawili tu: "Tua kimya." Anayejitahidi kutua bila sauti hukunja magoti na nyonga mwenyewe.

Hatua ya 4: Mvuruge kidogo
Katika mchezo hakuna anayetua akitazama miguu yake. Akishatulia kwenye hatua ya tatu kwa wiki mbili, mrushie mpira juu, kidogo pembeni, audake hewani na atue kimya. Baadaye mwenzake amguse begani kwa kiganja akiwa hewani. Mguso mwepesi, si kumsukuma. Kisha aruke akigeuka robo duara. Kutua kwa mguu mmoja kuje mwisho kabisa.

Fanya hivi dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa wiki, mwanzoni mwa mazoezi kabla miguu haijachoka, na usiache msimu ukianza. Goti likilia na kuvimba ndani ya saa chache, asikandwe, asichezeshwe. Apelekwe kwa daktari. Kano ikikatika na kufanyiwa upasuaji, kurudi uwanjani huchukua miezi 9 au zaidi, na kwa binti wa kidato cha tatu huo ni karibu mwaka mzima wa shule.

Hatua ya 5: Rekodi tena baada ya wiki 6
Simu pale pale, kisanduku kile kile. Mketishe kando yako mzitazame video zote mbili, na umwache aseme yeye kwanza anachokiona. Goti likiwa bado linaingia ndani, tyubu irudi, planki ya ubavu iongezwe hadi sekunde 30, na kutua kwa mguu mmoja kusubiri wiki nyingine mbili.