Umepewa CPAP na inakukaba? Anza na maski

Jamani wenzangu wa Tanga, kama daktari kakwambia pumzi inakatika usiku na umeshapewa CPAP, ile mashine ya hewa ya kulala nayo, usiiweke kabatini wiki ya kwanza. Wengi wanaiacha wanasema inawakaba kumbe maski ndo haijakaa. Mashine yenyewe inasukuma hewa tu ili koo lisijifunge ukiwa usingizini, presha yake kapanga daktari, huwa iko kati ya 4 na 20 (kipimo chake ni sentimita za maji), hiyo usiiguse.

Maski irekebishe ukiwa umelala, sio umekaa, maana ukilala mashavu yanabadilika. Washa hewa, iweke usoni, vuta mikanda kidogokidogo pande zote sawa mpaka hewa iache kupuliza machoni, ikiacha tu basi ishia hapo. Ukikaza sana silikoni inajikunja inavuja zaidi, na asubuhi unaamka na kidonda juu ya pua. Geuka kulia, geuka kushoto, ikivuja inyanyue kidogo ijae hewa halafu iachie ikae yenyewe. Vile vitundu vidogo vya maski vinavyotoa hewa muda wote usivizibe hata kimoja, ndo pumzi unayotoa inapita hapo. Vaselini usipake, we nawa uso mafuta yatoke inatosha. Na kama unalala mdomo wazi ulizia maski inayofunika pua na mdomo.

Bado unaiogopa? Ivae mchana ukiangalia tivii mpaka uzoee.

Chandarua lazima, huku kwetu mbu hawaulizi, kwa hiyo bomba lipitishe juu ya kichwa lifunge na kitambaa lisikuvute ukigeuka, mashine ikae kwenye stuli nje ya neti isije ikazibwa pa kuvutia hewa.

Kitangi cha mashine, kile cha kutia hewa unyevu, kinataka maji yaliyosafishwa kwa mvuke, ubadilishe kila siku. Yale ya betri ya gereji USITIE, mengine yana asidi! Kwa joto na unyevu wa pwani unaweza kujaribu kuzima hita ya kitangi, ukiona pua inakauka washa tena, na hita ikizimwa hata betri ya akiba inadumu zaidi umeme ukikatika. Ukikatika na huna betri, vua maski ulale ubavu.

Asubuhi futa maski, kila wiki bomba lioshe kwa sabuni laini ulianike kivulini, filta itazame maana vumbi la Ngamiani linaiziba haraka.

Ukiitumia kila usiku na mchana bado unasinzia, rudi kwa daktari aangalie presha, na bodaboda usiendeshe mpaka akuone.