Namna ya Kupima Uhalali wa Ruwaza za Usanifu katika Utafiti wa Mifumo ya Taarifa

Ruwaza ya usanifu ni dai: kwamba katika mazingira fulani, tatizo linalojirudia hutatuliwa kwa njia fulani. Kwa hiyo, kabla ya kuipima, iandike kama dai linaloweza kukanushwa. Tuchukue ruwaza ya kuhifadhi takwimu kwenye simu na kuzituma mtandao ukirudi, ambayo imezoeleka katika mifumo ya zahanati. Ikiachwa hivyo haipimiki. Sharti utaje mtandao hukatika kwa muda gani, nani anaandika, na ni wangapi wanaogusa rekodi moja.

Kisha tafuta ilikotumika. Wanaruwaza, yaani wanaoandika na kukusanya ruwaza, wana desturi ya kudai angalau mifano mitatu halisi, nami naiheshimu, ila mitatu iliyotoka mikononi mwa timu moja naihesabu kuwa mmoja. Vivyo hivyo, zahanati mia zinazoingiza takwimu kwenye DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ni ushahidi wa mfumo mmoja uliosambaa, si wa mifumo mia.

Muda wako mwingi utumie kutafuta iliposhindwa. Tuseme muuguzi, akiwa hana mtandao, ameandika kuwa mtoto ana kilo 8.2, na mwenzake wa kliniki ya jirani ameandika kilo 8.9 kwenye rekodi hiyohiyo. Mtandao unaporudi, programu inabakisha ingizo lililofika mwisho na kulifuta jingine bila kumwarifu yeyote. Tukio hilo haliibatilishi ruwaza, bali linaonyesha mpaka wake: inafaa rekodi yenye mwandishi mmoja, au idai kanuni ya kusuluhisha maingizo yanayogongana. Mpaka huo uandikwe ndani ya ruwaza yenyewe, usifichwe kwenye sura ya mapungufu.

Ilinganishe pia na suluhisho rahisi zaidi. Jaribio la Lutz Prechelt na wenzake, lililochapishwa mwaka 2001, lilifanya hivyo kwa kazi za kurekebisha programu: mara nyingi ruwaza zilisaidia, lakini si kila mara.

Mwisho, tamka kiwango cha imani yako. Msanifu majengo Christopher Alexander na wenzake, katika ruwaza zao 253 za mwaka 1977, waliweka nyota mbili kwa zile walizoziamini kabisa, moja kwa zilizohitaji kazi zaidi, na nyingine waliziacha bila nyota.