Pikapu ya dizeli inakataa kuwaka ikiwa ya moto: namna ya kutafuta tatizo kabla hujanunua spea

Majuzi nimemsaidia dereva anayechukua vitunguu Mang'ola na kuvipandisha Karatu. Asubuhi Hilux yake inawaka kwa starta moja. Akizima kituo cha mafuta, akilipa na kurudi, inazunguka tu. Akiiacha nusu saa inawaka bila shida. Alikuwa ameshauziwa hita plagi nne na betri mpya, na tatizo likabaki palepale. Naandika njia ninayoifuata kwa sababu wenye pikapu wanapoteza hela nyingi mno kwenye ugonjwa huu.

Hita plagi tuziweke kando kabisa. Kazi yake ni kupasha chumba cha moto injini ikiwa baridi. Injini iliyotoka kupanda mlima na mzigo ina joto la kutosha, na itawaka hata kama hita plagi zote zimekufa. Fundi akikuambia uzibadilishe kwa gari linalosumbua likiwa la moto tu, mwombe akueleze sababu kabla hujatoa hela.

Jambo la pili: pima gari likiwa linakataa. Likilala gereji na kupimwa asubuhi, kila kipimo kitatoka kizuri. Liendeshe mpaka geji ya joto ikae mahali pake, kisha zima na usubiri dakika 10 hadi 20. Feni na maji vikisimama, joto la injini linahamia kwenye pampu, starta na sensa, ndiyo maana gari linalokataa baada ya dakika 15 linaweza kuwaka vizuri ukilizima na kuliwasha papo hapo. Vifaa viwe mkononi kabla hujazima.

Hatua ya 1: Starta

Inazunguka kwa uzito, au inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki? Weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye betri, mwenzako apige starta. Volti zisishuke chini ya 9.6. Betri ikiwa nzima na mzunguko bado mzito, weka waya mmoja wa multimita kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mpige tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi, yaani njia ya hasi kati ya betri na injini, ni mbovu: safisha, kaza, au badilisha kebo.

Ukisikia "ta!" moja na hakuna kinachozunguka, kwenye starta za Denso mara nyingi ni zile shaba mbili ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku ya starta) zimeliwa. Zinauzwa peke yake. Usinunue starta nzima.

Hatua ya 2: Jua pampu yako ni ipi

Injini za Toyota za 3L, 5L na 1HZ ya Land Cruiser zina pampu ya zamani isiyotegemea kompyuta. Za 2KD na 1KD, zenye maandishi ya D-4D, ni za reli, yaani bomba moja la presha linalolisha nozeli (vipulizia dizeli) zote. Kuanzia hapa njia zinatengana.

Hatua ya 3: Pampu ya zamani

Anza na solenoidi ya kuzimia, yaani vali ya umeme inayokata mafuta, iliyo kwenye pampu. Fungua swichi bila kupiga starta, chomoa waya wake na uurudishe. Lazima usikie mlio mdogo. Mlio ukipotea injini ikiwa ya moto na kurudi ikipoa, na waya unaleta umeme wa betri, umepata mgonjwa wako.

Kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini na inachukua mikono mingi kabla ya kukaza, kuna hewa inaingia. Tibu hewa kwanza, la sivyo kipimo kinachofuata kitakudanganya.

Sasa kipimo cha kitambaa. Mafundi wengi wanakijua lakini wachache wanakifanya sawasawa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Ndani ya pampu kuna plunja moja inayozunguka na kusukuma kwa wakati mmoja, na inalainishwa na dizeli yenyewe. Nafasi kati ya plunja na kichwa chake ni nyembamba kuliko unywele. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi vizuri, plunja inakwanguka. Uchakachuaji huo ndio uliofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (alama za kugundua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010, na baadhi ya pampu za zamani zilizopo barabarani leo huenda zilishakunywa mafuta ya kabla ya hapo. Dizeli ikiwa baridi ni nzito, inaziba ile nafasi. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inavuja pembeni ya plunja badala ya kwenda kwenye nozeli. Kwa kasi ndogo ya starta, presha haifikii kiwango cha kufungua nozeli. Injini ikishawaka pampu inazunguka haraka na uvujaji haupati muda, ndiyo maana gari linavuta mzigo vizuri na mwenye gari haamini kwamba pampu imechoka.

Gari likiwa limekataa, lowesha kitambaa kizito kwa maji ya kawaida, kikamue kidogo, kizungushe kwenye kichwa cha pampu, pale mabomba ya nozeli yanapotokea. Kaa dakika tano, kiloweshe tena, kaa nyingine tano. Piga starta. Ikishika mara moja, kichwa cha pampu kimekwisha.

Lakini zingatia haya. Usimwage ndoo ya maji: kasha la alumini linasinyaa haraka kuliko chuma cha ndani, na plunja inaweza kukwama. Kwa sababu hiyohiyo usifanye kipimo injini ikiwa inanguruma. Maji yasifike kwenye starta wala kwenye solenoidi, maana ukipoza vitu vitatu kwa pamoja hujui kipi kimekusaidia. Na lililo muhimu kuliko yote: kusubiri kwenyewe kunapoza. Kwa hiyo rudia safari, subiri dakika zilezile bila kitambaa, upige starta. Likikataa bila kitambaa na kuwaka na kitambaa, una ushahidi. Likiwaka mara zote mbili, huna jibu bado, usishushe pampu ya mtu.

Dawa yake ni kichwa na plunja vipya, vikafungwe na fundi mwenye benchi la kupimia pampu. Sikubaliani kabisa na wanaoongeza mafuta kwa kuzungusha skrubu ya pampu ili gari liwake. Litawaka kwa muda, litatoa moshi mweusi, litachemsha mlimani, na plunja itaendelea kuliwa.

Hatua ya 4: Injini za reli

Hapa bila skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, inayosoma data injini ikizunguka unabahatisha. Msimbo wa hitilafu peke yake hautoshi, kwani mara nyingi haupo. Fungua vitu viwili tu: mizunguko ya injini na presha ya reli.

Mizunguko ikisoma sifuri huku starta inazunguka, shughulikia sensa ya krenki na waya zake. Sensa hizi hufa zikipata moto na kufufuka zikipoa.

Mizunguko ikiwepo, tazama presha. Inahitajika kiasi cha MPa 25 hadi 30 ndipo kompyuta iruhusu nozeli zifunguke. Skana nyingine zitaandika 25,000 hadi 30,000 kPa. Ikifika haraka na gari bado halishiki, chomoa plagi ya sensa ya joto la maji ujaribu tena. Likiwaka, sensa inadanganya.

Presha ikigota chini, fuata mpangilio huu: filta, halafu SCV, yaani valvu iliyo kwenye pampu inayopima mafuta ya kuingia, halafu nozeli. Pikapu ya vitunguu iliishia kwenye SCV. Weka ya Denso orijino. Za bei ya soko la chini nimeziona zikirudisha tatizo lilelile pamoja na sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayopanda na kushuka. Ukishaifunga, ifundishe pampu upya kwa skana.

Usilegeze bomba la reli kuangalia kama mafuta yanafika, kama tulivyozoea kwenye injini za zamani. Dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi, na jeraha lake ni la kukimbilia hospitali.

Kwa nozeli, kile kipimo cha chupa nne, cha kulinganisha dizeli inayorudishwa na kila nozeli, hakifanyiki kirahisi kwenye KD, kwa sababu bomba la marejeo limejificha chini ya kava ya vali. Mimi naziba tundu moja la reli kwa kifuniko maalumu cha chuma, injini ikiwa imezimwa na presha imeshuka, kisha napiga starta nikitazama skana. Tundu ambalo likizibwa presha inapanda ndilo la nozeli inayovuja. Angalia pia kijiti cha oili: ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, marejeo yanavujia ndani ya injini, na gari lisitembee mpaka limetengenezwa.

Ukifunga nozeli, washa za shaba ziwe mpya kila mara. Za zamani zikipitisha moshi, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la chini ya sampu. Ingiza na namba za nozeli kwenye kompyuta kama modeli yako inazitaka.

Dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa ili injini ishike, mimi siiruhusu gereji kwangu. Inalipuka kabla ya wakati wake na inaweza kupinda konrodi.

Baada ya matengenezo rudi barabara ileile, na mzigo kama unao, zima, subiri dakika zilezile, piga starta huku skana ikisoma. Andika presha uliyoiona na umpe mwenye gari akae nayo kwenye droo ya dashibodi.