Mayai ya "kienyeji": achana na kiini, tazama ardhi

Ukiambiwa mayai haya ni ya kuku wanaojitafutia wenyewe nje, usikimbilie kuvunja moja uone kiini. Rangi ya kiini inatokana na chakula: mahindi ya njano na majani yatakupa kiini cha dhahabu hata kuku akifungiwa mwaka mzima. Ganda la kahawia nalo ni suala la mbegu ya kuku, halisemi amefugwaje.

Omba kutembelea banda, tena mchana. Simama kwenye kile kimlango cha kutokea kuku, utazame chini. Kuku hana huruma na nyasi. Wakitoka kweli, mita chache za mwanzo ni vumbi tupu, limeparuliwa, lina vishimo vya kuogea. Ukikuta majani yamestawi mpaka kizingitini, hapo hatoki mtu.

Kisha piga hesabu. Mwenye kuku 50 anayekuletea trei 20 kwa wiki anauza mayai 600. Hata kila kuku akitaga kila siku, na wa kienyeji hatagi hivyo, yasingezidi 350. Mengine kayatoa wapi?

Akisema ni ya kilimo hai, yaani ufugaji usiotegemea kemikali za viwandani, aonyeshe cheti, usome jina na tarehe. Nembo yetu Afrika Mashariki ni Kilimohai, ipo tangu 2007, lakini stika kwenye trei si cheti. Mimi huomba pia daftari la dawa. Asiye nalo hunitia shaka kuliko aliyeandika kwamba mwezi jana alitibu mafua.