Usinunue riwaya moja mara mbili kisa jina limebadilishwa

Kama unanunua riwaya za Kiingereza, za mtandaoni au mtumba, jua kwanza kwamba kitabu kilekile kinaweza kuuzwa Uingereza kwa jina moja na Marekani kwa jina jingine kabisa. Wachapishaji wanabadilisha wakihofia msomaji wa kwao hataelewa au hatavutiwa. Harry Potter ya kwanza ilitoka Uingereza 1997 kama Philosopher's Stone, Marekani 1998 ikawa Sorcerer's Stone, na Northern Lights ya Philip Pullman kule inaitwa The Golden Compass.

Sasa fanya hivi, kabla hujalipa fungua ule ukurasa wa haki miliki, uko mwanzoni nyuma ya ukurasa wa jina, mara nyingi wanaandika kwamba kitabu kilishawahi kutoka kwa jina fulani. Usitegemee ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, hiyo kila toleo lina yake. Mtandaoni gugo jina la mwandishi na orodha ya vitabu vyake, au ingia Goodreads, tovuti ya wasomaji wa vitabu, uangalie matoleo mengine. Halafu soma muhtasari wa nyuma, ukiona majina ya wahusika unayafahamu, simama hapo hapo.

Kwa Agatha Christie, yule mwandishi wa riwaya za upelelezi, ongeza umakini mara mbili aisee, vyake vilivyobadilishwa ni vingi mno, mfano 4.50 from Paddington ya 1957 Marekani ilitoka kama What Mrs. McGillicuddy Saw! maana Paddington ni stesheni ya London. Hata mimi naona jina la Uingereza ndo tamu zaidi.